Zamu ya Nyumba ya Saba

Mnyororo ulikuwa mpya, na hilo ndilo jambo la kwanza lililomkera Inspekta Herménégilde. Katika mji uliotoka juzi tu kwenye vikwazo vya biashara vya miaka miwili na nusu, ambako watu walifunga malango yao kwa waya wa kuanikia nguo, nani alikuwa na mnyororo mpya wa kuweka mbele ya nyumba isiyo na mtu? Aliugusa kwa vidole. Pete nene, bado zina mafuta ya mashine, na kufuli la shaba katikati. Ulikuwa umetandazwa kutoka nguzo hadi nguzo mbele ya geti la nyumba ya saba, Njia ya Mikaratusi, juu kidogo ya Mto Ntahangwa. Mtu wa miguu angeuruka bila kuinua sana goti. Gari lisingepita.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, tarehe ishirini na mbili Aprili, 1999. Mvua ya usiku ilikuwa bado inateremka mtaroni.

"Ni mwenyewe mulifunga, Muzee?" aliuliza.

"Mi mwenyewe. Na ufunguo iko hapa." Muzee Hyacinthe aligonga mfuko wa koti lake. Alikuwa karani wa mahakama aliyestaafu, mwenye nyumba ya kwanza, na katibu wa njia hiyo tangu njia ipate katibu. Alivaa tai hata siku ya kuzibua mtaro.

"Na hati ya kusema nyumba ya saba haijatoa zamu tangu mars quatre-vingt-seize, mwezi wa tatu tisini na sita?"

"Mi niliandika, mi nilisaini."

"Mama Daphrose anasema ni hati ya uongo."

"Mama Daphrose alikimbia, monsieur l'inspecteur. Simulaumu, siku zile kila mutu alikimbia pa kwake. Lakini mutu hawezi kukimbia na kushika beleshi pamoja."

Ili kuelewa habari ya beleshi, ilibidi kuelewa njia yenyewe. Haikuwa barabara ya serikali. Manispaa iliishia kwenye lami, kule chini, ikawaachia wenye viwanja vinane mteremko wa udongo mwekundu ambao kila masika ulikuwa ukihamia mtoni. Mwaka 1988 wenye nyumba hao walikaa barazani kwa Hyacinthe, wakanywa bia, wakaandikiana mapatano. Hawakuchangishana fedha. Walinunua beleshi moja, basi. Kila nyumba ilishika beleshi hilo wiki nzima. Siku ya Jumamosi nyumba hiyo ilitoa mtu wa kuzibua mtaro na kuziba mashimo kwa mawe. Siku ya Jumapili, baada ya misa, ilikabidhi beleshi kwa nyumba inayofuata, mkono kwa mkono. Wiki nane zikiisha, zamu inarudi ilikoanzia. Nyumba iliyokosa zamu tatu ilifungiwa: watu wake wapite, magari yasipite. Na mapatano yalifuata kiwanja, hayakumfuata mtu. Aliyenunua nyumba alinunua na beleshi.

Watu wa mitaa ya jirani waliwacheka sana. Baadaye waliocheka walikuwa wakiacha magari yao kwenye lami na kupanda nyumbani wamebeba viatu mkononi, huku lori la mizigo likifika mpaka mlangoni Njia ya Mikaratusi katikati ya masika. Vita vilipokuja na watu wakaanza kuuza majumba kwa bei ya kutupa, bei za njia hiyo ziligoma kushuka. Wanunuzi walikuja, wakatazama mawe kabla ya kutazama vyumba.

Ndiyo maana Daphrose alikuwa amefika ofisini kwa Herménégilde Jumanne, mjane wa miaka sitini, matope mpaka kwenye vifundo. Alikuwa anaishi Buterere na wajukuu watatu katika chumba cha kupanga kando ya mashamba ya mpunga. Maji yaliingia humo bila kubisha hodi, na mjukuu mdogo alikuwa hajaacha kukohoa tangu Novemba. Alikuwa amepata mnunuzi wa nyumba ya saba. Bei kamili ingemnunulia kijumba kikavu Nyakabiga. Kisha ikaja hati ya Hyacinthe, na mnunuzi akasema nyumba isiyoingia gari ni nusu ya nyumba, kwa hiyo bei nayo ni nusu. Nusu hiyo haikununua chochote kilichokaa juu ya maji. Mnunuzi alitaka jibu Jumatatu saa nne.

"Bwana alikufa, mulinzi akaniiba, sasa katibu ananimaliza," Daphrose alikuwa amesema, na Herménégilde akaandika yote matatu kwa utaratibu ule ule.

Sasa alikuwa anapanda njia taratibu, mikono nyuma. Hakuwa mtu wa mbio. Wengi aliowakamata maishani aliwakuta wamekaa. Alitazama chini. Mawe ya zamani yalikuwa meusi, yenye ncha, ya kuchongwa, yaliyoletwa na malori kutoka milimani. Tangu milima ishike moto, lori gani lingepanda huko kufuata mawe? Viraka vyote vipya vilikuwa vya mawe ya mviringo, ya mtoni. Kila nyumba ilikuwa na viraka vyake. Mbele ya nyumba ya saba alisimama, akachuchumaa, na magoti yake yakalalamika. Mawe ya mviringo, safu kwa safu, yamelazwa upande bapa ukiwa chini. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote njiani.

"Muzee, hii ni mawe ya vita. Nani aliyapanga?"

"Mawe haina jina."

"Na nyumba ikikosa mutu, beleshi inafanya nini? Inaruka?"

"Apana!" Hyacinthe alikasirika kama aliyetukaniwa mama. "Beleshi hairuki geti. Article cinq, kifungu cha tano. Ikikwama, katibu anaita kikao."

"Muliita kikao mara ngapi toka mama akimbie, mu quatre-vingt-quinze, mwaka wa tisini na tano?"

Muzee alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena.

"Hatujaita hata mara moja," alisema. Alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililomchanganya Inspekta. "Bon. Isome tena karatasi ya mapatano, monsieur l'inspecteur. Inasema 'mwenye nyumba ao mutu wake'. Isome pole pole. Mi sitasema zaidi."

"Nitaisoma. Mnyororo mulitoa wapi?"

"Nilipewa na Monsieur Maxime, wa bandarini."

Herménégilde aliinua nyusi. Maxime ndiye alikuwa mnunuzi.

*

Wakala wa forodha Maxime alikuwa amekaa juu ya mifuko ya saruji ya Kigoma, karatasi za mizigo magotini, kalamu sikioni. Meli zilikuwa zimerudi tangu vikwazo viondolewe mwezi wa kwanza, na bandari nzima ilikuwa ikipiga kelele ya watu waliokosa kazi muda mrefu na sasa hawajui waanzie wapi. Herménégilde alilazimika kuuliza swali lake mara mbili.

"Mnyororo? Ndiyo, mi ndo nilimupa. Ilikatwa kwa mashua moja ya zamani. Muzee alisema ni ya kufunga njia. Nilifikiri anafunga njia yote, juu ya wezi. Ningejua ni geti ile ile mi nataka kununua, ningeleta mnyororo, shefu?"

"Bei ikishuka nusu, anayefaidika ni we."

Maxime alicheka mpaka kalamu ikaanguka. Alionyesha pikapu yake iliyoegeshwa kando ya ghala, imejaa maboksi hadi juu.

"Ile yote ni mizigo ya watu. Kila jioni, kabla mji haijafungwa, inapaswa kuingia mu geti. Nikiiacha kwa lami, asubuhi nakuta hata matairi haiko. Nyumba gari haiingii, hata bure siitaki. Ile nusu nilimwambia mama kwa heshima tu, sikutaka kumukatalia mbele ya watu. Njia isipofunguliwa mpaka lundi, ile Jumatatu, nachukua ingine. Mufanyabiashara mumoja wa Quartier Asiatique ananitafutia."

Herménégilde alimwamini, na hakufurahi. Uongo wa Maxime ungemaliza kesi kabla ya chakula cha mchana.

"Nyumba uliipendea nini?"

"Njia," alisema Maxime bila kufikiri. "Nilipanda kule mu mvua, makusudi, nione. Samedi ya mwisho ya mwezi wa pili. Kila pahali tope, pale pakavu. Na mbele ya geti nikakuta mutu wa mama anafanya kazi kwa mutaro."

"Mutu gani wa mama?"

"Si najua? Mutu na mvi yake. Ana toroli ya gurudumu ya muti. Nilimusalimia, akaitika, akaendelea. Nikasema hii ni nyumba ina mwenyewe."

Inspekta aliandika: *mvi, toroli, gurudumu la mti*. Chini yake akaandika: *Jumamosi, 27 Februari*. Hakujua bado tarehe hiyo ingemsaidia nini, lakini tarehe hazigharimu wino mwingi.

*

Njia iliishia kwa Mathilde, nyumba ya nane, na alasiri hiyo Mathilde alikuwa kwenye cherehani yake barazani, anashona mavazi ya padri. Alikuwa mwanamke mpole wa umri wa kati, hajaolewa, na kila mtu mtaani alisema hajui kudanganya. Walisema kweli. Alianza kudanganya kabla ya Herménégilde kukaa, na uzi ukamkatikia mara mbili.

"Nyumba ya saba, shefu? Mi sijui. Haina mutu. Toka mama aende, haina mutu."

"Lakini zamu yako, Mama Mathilde, ulitoa?"

"Zangu zote!" Hapo sauti ilipata nguvu, maana ulikuwa ukweli. "Muulize Muzee Hyacinthe. Sijakosa hata moja. Hata siku za ville morte, mji yote imefungwa, risasi inalia kule chini, mi niko mu mutaro."

"Beleshi ilikuwa inakufikia vipi?"

"Inakuja tu."

"Inatembea?"

Mathilde alikanyaga cherehani, akashona mshono uliokwisha kushonwa. "Wanaiegemeza kwa geti. Mi naichukua."

"Kuegemeza imekatazwa. Ni mukono kwa mukono. Labda zamu zako basi haihesabiwi..."

Ilikuwa hila ndogo, na Inspekta aliona haya kidogo kuitumia kwa mtu kama huyu. Mathilde aliacha kushona kabisa.

"Mi? Isihesabiwe? Shefu, mi nilipokea kila mara kwa mukono! Hata ile Dimanche ya Matawi, quatre-vingt-seize, natoka misa, tawi iko mukono huu, beleshi iko mukono huu, watu wanacheka wanasema Mathilde anaenda kumuchimbia Yesu barabara..."

"Nani alikupa mukononi, Mama?"

Uani nyuma yake, kwenye kamba, kulianikwa suruali ya kazi ya mwanaume, imetiwa viraka vya kitambaa cheupe kilichobaki kwenye mavazi ya padri. Mathilde alifuata macho ya Inspekta mpaka kwenye suruali, kisha akainamisha kichwa.

"Usiniulize, shefu. Nakuomba. Nikisema, mutu anafungwa. Mutu hakufanya kitu."

Angeweza kuvuka ua na kufungua mlango wa banda la nyuma. Sheria ilimruhusu, na banda lilikuwa hatua kumi tu. Herménégilde alikunja daftari lake, akashukuru kwa kiti, akaondoka. Alikuwa hajajua bado kama anatafuta mshitakiwa au shahidi, na alipendelea kujua kabla ya kumtisha mtu.

*

Jawabu lilikuwa kabatini mwake mwenyewe. Hilo lilimuudhi.

Jalada lilikuwa jembamba, limeliwa pembe na mende. Malalamiko ya Daphrose dhidi ya mlinzi wake, Byamungu, mzaliwa wa upande wa Bukavu, kwa wizi wa toroli. Karani wa zamu alikuwa ameandika kama mama alivyosema: "Leo Jumamosi, tarehe 30 Machi 1996, nimepata ruhusa ya jeshi, ya muda wa saa moja tu, kufika nyumbani kwangu. Nimekuta geti limefungwa, mlinzi hayupo, na toroli la marehemu mume wangu halipo. Ameniibia akatoroka. Kuanzia leo huyo si mtu wangu."

Herménégilde alisoma sentensi ya mwisho mara mbili. Akatoa nakala ya mapatano, akaiweka kando yake. *Mwenye nyumba au mtu wake.* Akatikisa kichwa.

Kisha akachukua kalenda za parokia, za miaka minne, ambazo mkewe alikuwa akizihifadhi kwa ajili ya picha za watakatifu. Jumapili ya Matawi ya 1996: tarehe 31 Machi. Siku hiyo nyumba ya nane ilipokea beleshi. Kwa hiyo Jumamosi ya kuamkia, tarehe 30, ilikuwa siku ya kazi ya nyumba ya saba. Daphrose alikuwa amefika nyumbani kwake kwa saa ile moja tu, siku ile ile ambayo mlinzi wake alikuwa ameteremka mtoni na toroli kufuata mawe ya zamu yake.

Alianza kuhesabu kwa penseli, wiki nane, wiki nane, kupita mapinduzi na vikwazo na siku za risasi. Penseli ilitua kwenye tarehe 27 Februari 1999, Jumamosi ya Maxime. Akaongeza wiki nane nyingine. Ilitua keshokutwa.

Ijumaa alirudi kwa Hyacinthe na hakuketi.

"Polisi waliwaletea nakala ya malalamiko mu quatre-vingt-seize."

"Waliniletea, mi katibu. Walisema nibandike kwa geti. Nilibandika."

"Na Byamungu aliendelea kutoa zamu. Mulikuwa munamuona."

"Macho ya jirani ilimuona," alisema Muzee. "Na mudomo ya jirani ilinyamaza, maana polisi wangemuchukua. Lakini siku naombwa hati, anaombwa katibu. Mama mwenyewe ameandika 'si mutu wangu'. Basi ile kazi, nani aliifanya? Mwizi mumoja, kwa mapenzi yake. Mi naihesabia nyumba gani?"

"Na mama akifuta maneno yake?"

"Aseme kwa mudomo yake, mbele ya geti, mbele yangu, kwamba alikuwa mutu wake siku zote ile. Nafungua kufuli pale pale. Sina vita na mama yule." Aligusa mfuko wenye ufunguo. "Unafikiri nafurahi kumufungia mujane?"

Herménégilde alituma ujumbe Buterere, Daphrose afike Jumamosi saa tatu. Ndani ya jalada, chini ya malalamiko, ilikuwapo hati ya kumkamata Byamungu, na hakuna aliyewahi kuifuta. Akaiweka mfukoni pia. Alilala vibaya.

*

Jumamosi, jua likiwa limeshapanda juu ya kilima, alimkuta aliyemtafuta ndani ya Mto Ntahangwa, maji yakiwa magotini. Alikuwa mzee mfupi mwenye mvi, anachagua mawe: analiinua moja, analigeuza, analirudisha majini, anachukua jingine. Ukingoni lilisimama toroli la chuma, rangi ya kijani imebaki pembeni tu, na gurudumu lake lilikuwa la mti, limechongwa kwa panga na kuvishwa ukanda wa ndala. Beleshi lilikuwa limelazwa juu yake.

"We ni Byamungu."

Mzee alitazama viatu vya Inspekta, kisha uso wake. Hakukimbia.

"Ni mi, shefu."

"Unajua unatafutwa?"

"Najua. Niliisoma kwa geti." Alipanda ukingoni, akaweka jiwe torolini pole pole. "Miaka mitatu nasema leo ndo watakuja, leo ndo watakuja. Niache nifikishe hii mawe kwanza. Kisha tutaenda."

"Kwa nini hukuhama mji?"

Byamungu alionekana kushangazwa na swali. "Na zamu? Beleshi ikikwama kwa geti yetu, watu wanasema nyumba imekufa. Nyumba imekufa, kesho mutu anaingia na familia yake, na bunduki yake. Mama akirudi atapata nini? Bwana mbele ya kufa aliniambia, Byamungu, angalia nyumba. Hakusema mpaka lini."

"Ile siku mama alikuja, ulikuwa wapi?"

"Hapa." Alionyesha mahali aliposimama. "Nilirudi nikaona alama ya viatu vyake mu tope, mbele ya geti. Nilikimbia mpaka lami. Gari ilikuwa imeshaenda." Akashika mikono ya toroli. "Kama ningechukua mawe kidogo siku ile, ningemukuta. Nilijaza sana."

Herménégilde alitembea kando yake kupanda mlima. Toroli lililia njia nzima, na mara mbili, mahali penye mwinuko, afisa wa polisi wa upelelezi alisukuma toroli lililoibwa.

Daphrose alikuwa ameshafika. Alisimama mbele ya mnyororo na mwavuli wake, mguu mkavu mmoja na mwingine wa matope, Hyacinthe upande huu, Mathilde upande ule. Alipoona toroli, alipiga hatua mbili.

"Gurudumu yangu iko wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa Byamungu baada ya miaka minne. Mathilde alifumba macho.

"Ilipasuka mama, mu quatre-vingt-dix-sept, mwaka ya tisini na saba," alijibu Byamungu. "Vikwazo. Tairi haikuwa mu mji wote. Nilichonga hii. Inalia, lakini inatembea." Aliingiza mkono shingoni, akatoa uzi wenye ufunguo mmoja uliolika meno, akamnyooshea kwa mikono miwili. "Chumba ya bwana sijaifungua. Paa ilivuja pahali moja, nikaziba."

Daphrose alipokea ufunguo. Hakuutazama. Alikuwa anatazama ubavu wa toroli, mahali ambapo herufi za jina la mumewe zilikuwa bado zinasomeka, kisha mawe yaliyokuwa ndani, kisha mawe yaliyokuwa chini ya miguu yake mwenyewe, safu kwa safu, mpaka getini.

"Hii yote ni we?"

"Ni zamu yetu, mama."

Inspekta alitoa karatasi mfukoni. Alisema alichopaswa kusema, kwa sauti ya kazi: kwamba tarehe 30 Machi 1996 toroli lilikuwa mtoni kwa kazi ya nyumba ya saba, kwamba halijawahi kutoka katika njia hii na mto huu, kwamba mwenye malalamiko ndiye pekee anayeweza kuyafuta, na kwamba asipoyafuta, itambidi aondoke na mzee huyu, na mnyororo ubaki ulipo. Hakuongeza la ziada. Hyacinthe alikuwa amesimama wima, ufunguo mkononi, anasubiri kama mtu aliyezoea kusubiri mahakamani.

Daphrose alikuwa mwanamke mwenye majivuno, na majivuno ndiyo pekee aliyofanikiwa kukimbia nayo.

"Mi nimekutukana Buterere yote," alisema. "Jirani wote wanajua jina yako. Maji ikiingia mu nyumba, nasema ni Byamungu. Mutoto akikohoa, nasema ni Byamungu, yeye ndo aliniiba, yeye ndo aliniacha mukono mutupu. Kumbe mi ndo nilikuacha." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Unisamehe."

Byamungu alitazama huku na huku, kisha akachukua beleshi kutoka torolini, akamnyooshea.

"Mwenye nyumba amerudi," alisema. "Zamu ni yako, mama."

Daphrose alilishika beleshi kwa mpini. Alimgeukia Hyacinthe, akasema kwa sauti ya kufika nyumba zote nane: "Muzee, uniandikie vizuri. Toka siku nilienda mpaka leo, huyu hakuacha kuwa mutu wangu. Mi ndo nilidanganya." Kisha akamrudishia Byamungu beleshi. "Shika. Hii nyumba nauza lundi. We hauuzwi nayo. Kule Nyakabiga naenda kutafuta nyumba ina annexe, chumba yako ya uani, ama sinunui."

Hyacinthe aliinama, tai yake ikagusa matope, akafungua kufuli. Mnyororo ulianguka juu ya mawe kwa kishindo. Akatoa hati yake mfukoni, akaichana mara nne, akaviweka vipande mfukoni ili visizibe mtaro.

"Mumwambie Monsieur Maxime," alimwambia Inspekta, "zamu yake ya kwanza ni tarehe kumi na tisa juin, mwezi wa sita. Na hapana kutuma mutu asiyejua mawe."

Byamungu alikuwa ameshashuka mtaroni. Mvua ilikuwa inakusanyika upande wa Kongo, na torolini mlikuwa bado na mawe. Herménégilde aliegemeza jalada kwenye ukingo wa toroli, Daphrose akatia saini pale alipoonyeshwa, na chini ya saini hiyo Inspekta aliandika kwa mkono wake mstari wa kufungia kesi:

*Hakukuwa na wizi. Toroli lilikuwa kazini.*